Anayetumwa Kufa na Aambiwe Kweli

Mwaka 1960, majuma machache tu baada ya nchi yetu kujipatia uhuru, askari wa Umoja wa Mataifa walifika Kongo kutoka pande nyingi za dunia. Katika hao walikuwamo Wairlandi. Watu wa upande wa Kalemie wanalijua jina la Niemba, ambapo Wairlandi 9 waliuawa siku ya 8 Novemba 1960, na Baluba nao wakafa katika mapigano yale yale. Jeshi la Wairlandi hao lina alama yenye herufi mbili, F na F. Alama hiyo haikuanza na jeshi la serikali. Ilitoka kwa mwalimu wa historia, Eoin MacNeill, naye aliitoa kwa ajili ya kikosi cha raia kilichoanzishwa katika mji wa Dublin mwaka 1913. Kikosi hicho kiliitwa Wajitoleaji wa Irlandi, na hata leo jeshi la nchi hiyo linaitwa kwa jina lile lile katika lugha yao ya asili.

Tena, katika watu waliokuwa kwenye kamati ya kwanza ya kikosi hicho alikuwamo mmoja ambaye historia ya Kongo haiwezi kumsahau. Ni Roger Casement. Mwaka 1903, akiwa konsuli wa Uingereza, alipanda mto Kongo mpaka ziwa Tumba na nchi za Ekwateri. Akasikiliza habari za watu waliokatwa mikono, akaona vijiji vilivyobaki vitupu kwa sababu ya kodi ya mpira. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1904, nayo ilisaidia kuiondoa serikali ya mfalme Leopold wa Pili katika nchi yetu mwaka 1908.

Basi, habari za Wajitoleaji wa Irlandi si habari za wageni kabisa. Lakini hatuandiki ili tusimulie vita tu. Tunataka kuuliza swali moja la dhamiri ambalo kikosi hicho kilikutana nalo njiani. Swali lenyewe ni hili: Je, mkubwa anayo haki ya kumficha mtu wake jambo ambalo mtu huyo atalifia?

Kikosi kilivyoanza

Irlandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Watu wake walio wengi ni Wakatoliki. Tangu mwaka 1801 hawakuwa tena na bunge lao. Mambo yao yaliamuliwa London. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulileta njaa kubwa; watu karibu milioni 1 walikufa, na wengine wengi kama hao wakapanda meli kwenda ng'ambo. Watoto na wajukuu wa njaa hiyo walidai kujitawala katika mambo ya nyumbani kwao. Walio wengi walidai kwa njia ya sheria, kwa kupiga kura na kusema bungeni. Mwaka 1912 ilionekana kwamba sasa watapewa.

Lakini upande wa kaskazini, katika jimbo la Ulster, Waprotestanti wengi walikataa, kwa kuwa waliogopa kutawaliwa na Wakatoliki. Mwezi wa Januari 1913 wakaunda jeshi lao la raia. Mwezi wa Aprili 1914 wakaingiza kwa siri bunduki karibu 25,000, na serikali haikuwaadhibu.

MacNeill mwenyewe alizaliwa huko kaskazini, katika wilaya ya Antrim. Mwezi wa Novemba 1913 aliandika katika gazeti kwamba wale wa kaskazini wameonyesha njia: wakiruhusiwa kushika silaha wao, na wengine waruhusiwe. Tarehe 25 ya mwezi ule ule watu maelfu walikusanyika kwenye jengo la Rotunda mjini Dublin, na wengi wakaandikisha majina yao usiku huo huo.

Tuliangalie vizuri neno hili la kujitolea. Hakuna aliyelazimishwa, wala hakuna aliyelipwa mshahara. Karani, mwalimu, fundi, mkulima, kila mmoja alikuja baada ya kazi yake, akajifunza kutembea kwa mistari, mara nyingi akishika fimbo tu kwa kuwa bunduki hazikuwapo. Na kusudi walilotangaziwa lilikuwa kulinda haki na uhuru wa watu wote wa Irlandi. Waliambiwa kulinda, hawakuambiwa kushambulia. Mwezi wa Julai 1914 Erskine Childers na mkewe walileta bunduki 900 kwa mashua yao ya tanga mpaka bandari ndogo ya Howth, mchana kweupe. Siku hiyo hiyo askari wa Kiingereza waliwapiga watu risasi mjini, wakaua raia 3 na kujeruhi wengi. Tangu hapo kikosi kikazidi kukua.

Vita Kuu ilipoanza, John Redmond, kiongozi wa wabunge wa Irlandi, aliwaambia Wajitoleaji waende kupigana upande wa Uingereza, hata ng'ambo. Kikosi kikagawanyika. Katika watu zaidi ya 150,000, walio wengi sana walimfuata Redmond. Wachache, zaidi kidogo ya 10,000, walibaki na MacNeill. Mgawanyiko huo ulikuwa mchungu, lakini ulifanyika mchana. Aliyekwenda Ulaya alijua kwamba anakwenda vitani, na aliyebaki alijua kwa nini anabaki. Tulishike neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Siri ndani ya kikosi

Ndani ya kikosi hicho kulikuwa na kikosi kingine kisichoonekana. Kilikuwa chama cha siri, Udugu wa Jamhuri ya Irlandi, kilichoanzishwa mwaka 1858. Watu wake walifungwa na kiapo. Maaskofu walikuwa wamekikemea, na mwaka 1870 Roma ilitamka wazi kwamba kundi hilo limo katika vyama vilivyokatazwa. Tangu mwanzo watu wa chama hicho walishika vyeo vikubwa katika Wajitoleaji. MacNeill aliwekwa mbele kuwa kichwa kwa kuwa watu walimheshimu, lakini mikono ilikuwa ya wengine.

Chama kile kiliamua kwamba Vita Kuu isipite bila maasi. Baraza dogo sana likaachiwa kazi hiyo. Walikuwamo Patrick Pearse, mwalimu na mtunga mashairi, Thomas Clarke, aliyekaa gerezani miaka 15 katika ujana wake, Joseph Plunkett, Seán Mac Diarmada, na James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi, aliyeungana nao mwezi wa Januari 1916. Mwishowe walikuwa watu 7. Siku waliyoichagua ni Jumapili ya Pasaka, tarehe 23 Aprili 1916. Na MacNeill, mkuu wa kikosi kizima, hakuambiwa.

Yeye alihisi kwamba kuna jambo. Mwezi wa Februari 1916 aliandika waraka mrefu kwa ajili ya wenzake wa kamati. Waraka huo haukujulikana na watu wengi mpaka padri mmoja mwanahistoria, F. X. Martin, alipoutoa mwaka 1961. Tuyaseme kwa maneno yetu yale yaliyomo, kwa kuwa ndiyo mafundisho yaliyofundishwa katika seminari siku zote kuhusu vita vya haki.

Kwanza, MacNeill alisema kwamba haitoshi kuwa na madai ya haki. Lazima liwepo tumaini la kweli la kushinda, na tumaini hilo lipimwe kwa akili, si kwa moyo uliowaka. Pili, alisema kwamba anayeanzisha vita bila tumaini hilo anabeba hatia ya kila atakayekufa, na kila atakayeuawa atakuwa ameuawa kwa dhambi. Tatu, aliwaonya wasiifanye nchi kuwa sanamu katika mashairi. Nchi, alisema, ni watu wenyewe wanaoishi na kufanya kazi ndani yake. Lakini aliongeza kwamba serikali ikija kuwanyang'anya silaha kwa nguvu, hapo watakuwa na haki ya kujilinda.

Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka, alitaja mfalme anayekwenda vitani, ambaye kwanza anaketi na kufanya shauri kama ataweza kwa watu wake 10,000 kumkabili yule anayekuja na 20,000. MacNeill aliwaomba wenzake waketi hivyo. Wao walimsikiliza, wakamhakikishia kwamba hakuna kitu, wakaendelea.

Juma Kuu la mwaka 1916

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanzoni mwa Aprili Pearse alitoa amri kwa Wajitoleaji wa kisiwa chote: siku ya Pasaka watoke na silaha kwa mazoezi ya siku 3. Wengi walielewa kwamba ni mazoezi, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa.

Jumatano ya Juma Kuu ulisomwa waraka mbele ya baraza la mji wa Dublin. Ulionyesha kwamba serikali imekwisha kupanga kuwakamata viongozi wote. Waraka huo ulitayarishwa na Plunkett. Hata leo wanahistoria wanabishana kama lilikuwamo neno la kweli ndani yake. MacNeill aliuamini, akawaamuru watu wake wawe tayari kujilinda. Hivyo hata ile ruhusa ya dhamiri aliyoiweka yeye mwenyewe iligeuzwa kuwa chombo cha kumwongoza pasipo yeye kujua.

Usiku wa Alhamisi Kuu alipata habari yote kutoka kwa Bulmer Hobson, katibu wa kikosi. Hobson alikuwa mtu wa chama cha siri, lakini alikataa maasi yasiyo na tumaini. Saa za usiku wa manane wakaenda wakamwamsha Pearse nyumbani kwake, naye akakiri. Siku ya Ijumaa Kuu Mac Diarmada alimweleza MacNeill kwamba meli ya Ujerumani inaleta bunduki. MacNeill akalegea: kama zinakuja, basi, vita haiwezi kuzuilika tena. Siku hiyo hiyo Hobson alikamatwa na watu wa chama chake mwenyewe, akafungiwa nyumbani kwa bastola ili asiweze kusema.

Na siku hiyo hiyo ya Ijumaa Kuu Roger Casement alishuka katika nyambizi ya Wajerumani kwenye pwani ya Kerry. Wengi hudhani alikuja kuongoza vita. Sivyo. Alikuwa ameona huko Ujerumani kwamba msaada unaotolewa hautoshi, naye alitaka maasi yaahirishwe. Akakamatwa saa chache baadaye. Jumamosi meli ile, yenye bunduki 20,000, ilizamishwa na nahodha wake ili isichukuliwe na Waingereza.

MacNeill aliposikia kwamba meli imepotea na kwamba ule waraka wa Jumatano si wa kuaminiwa, aliandika amri ya kufuta kila kitu. Alituma watu kwa motokari usiku kucha, na asubuhi ya Pasaka amri yake ilisomwa katika gazeti la Jumapili. Mtu mmoja aliyeendesha gari usiku ule kuelekea Limerick ni Michael O'Rahilly, mweka hazina wa kikosi.

Wale 7 walikutana Jumapili asubuhi, wakaamua kuanza kesho yake. Jumatatu tarehe 24 Aprili, watu zaidi kidogo ya 1,000 walitoka katika mji wa Dublin, wakashika nyumba ya posta na majengo mengine. Vita ikadumu siku 6. Waingereza wakaleta mizinga, katikati ya mji ukateketea. Jumamosi Pearse alijisalimisha, baada ya kuona raia wakiuawa njiani. Waliokufa walikuwa watu wapatao 485, na zaidi ya nusu yao walikuwa raia tu. Katika hao walikuwamo watoto 40. Kati ya tarehe 3 na 12 Mei serikali ilipiga risasi viongozi 15. Casement alinyongwa London tarehe 3 Agosti, baada ya kupokelewa katika Kanisa Katoliki gerezani.

Tuwasikilize wale waliokaa kimya

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Pearse na wenzake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na sababu, nazo zina uzito.

Sababu ya kwanza: bila siri hakuna vita. Mwaka 1798 na mwaka 1867 maasi ya Wairlandi yaliharibika kwa kuwa wapelelezi walikuwa wamejaa ndani yake. Sababu ya pili: walisadiki kwamba watu wao wamelala, na kwamba damu itawaamsha. Na kweli, baada ya wale 15 kuuawa, nchi iligeuka. Wale waliowazomea wafungwa njiani mwezi wa Aprili waliwaombea Misa mwezi wa Juni. Mwezi wa Desemba 1918 chama cha Sinn Féin kilipata viti 73 katika 105. Sababu ya tatu: hawakujificha. Hawakutuma watoto wa wengine wakakaa nyumbani. Wote 7 walikufa. Connolly alikuwa na majeraha, hakuweza kusimama. Alipigwa risasi akiwa ameketi kitini.

Mtu akisema mbele ya makaburi hayo kwamba hawa walikuwa wadanganyifu tu, hajawatendea haki. Hata hivyo tunabaki na swali letu.

Utii ni kitu cha kuazimwa

Jirani yako akikuazima mtumbwi wake ili uvuke mto, amekupa mtumbwi kwa ajili ya kuvuka. Ukiutumia usiku kwa biashara ya magendo, ukakamatwa na askari na mtumbwi ukachukuliwa, huwezi kumwambia: Wewe mwenyewe ulinipa. Ndiyo, alikupa, lakini hakukupa kwa jambo hilo. Hata kama ile biashara ingekuletea fedha, na hata kama ungemgawia nusu, ungekuwa umemwibia.

Utii wa mtu aliyejitolea ni kama mtumbwi huo. Hakuzaliwa nao chini ya mkono wa mkubwa. Ameutoa mwenyewe, kwa kusudi alilotajiwa. Mkubwa anaushika kwa amana. Akibadili kusudi bila kumwambia, hatumii tena mali aliyopewa. Anatumia mali aliyochukua. Na mali yenyewe si mtumbwi. Ni uhai wa mtu, pamoja na mke wake na watoto wake.

Lakini je, siri ya vita? Tutofautishe. Kuna kuficha saa, na kuna kuficha jambo lenyewe. Mkubwa anaweza kuwaambia watu wake: Tutapigana, siku yake sitawaambieni mpaka ifike. Hapo kila mtu anajua anachokubali, na asiyetaka ataondoka. Mtu wa namna hiyo amefichwa saa tu. Lakini anayeambiwa kwamba anakwenda mazoezini, kumbe anapelekwa mahali pa kufa na kuua, huyo amefichwa jambo lenyewe. Adui hana haki ya kujua mipango yako. Mwenzako anayo haki ya kujua kama atakuwa hai kesho kutwa. Wapelelezi wa mwaka 1798 si sababu ya kumghushia MacNeill waraka, wala ya kumfungia Hobson.

Na je, matunda mema? Mtume Paulo aliwakatalia wale wanaosema tufanye mabaya ili mema yaje. Mtu hawezi kuzijua hesabu zote za Mungu. Labda uhuru ungekuja kwa njia nyingine, labda ungechelewa. Hatuwezi kujua, wala hukumu yetu haitegemei hilo. Tena wale watoto 40 wa Dublin hawakuulizwa na upande wowote. Wenye kuamini kwamba damu huamsha nchi wanaweza kuitoa damu yao wenyewe. Damu ya mtoto aliyekuwa akicheza njiani si mali yao.

MacNeill naye hana budi kuulizwa. Kwa miaka 2 na zaidi alikubali kuwa kichwa cha mwili ambao hakuuchungulia. Alihisi siri ile mapema, akaandika waraka, kisha akaridhika na maneno laini. Amri yake ya mwisho iliwaokoa wengi katika mikoa, lakini iliwaacha wale wa Dublin peke yao. Mkubwa asiyetaka kujua anafanana kidogo na mkubwa anayeficha, maana watu wake wanaangamia kwa namna ile ile.

O'Rahilly alituonyesha njia nyingine. Yeye aliyaona maasi kuwa makosa, akazunguka usiku mzima kuyazuia. Jumatatu akakuta wenzake wamekwisha kuanza. Akaenda kwa motokari yake mpaka posta, akajiunga nao. Tarehe 28 Aprili alitangulia mbele ya kundi dogo katika njia ya Moore, akapigwa risasi, akafa kwenye kichochoro akimwandikia mke wake barua. Hatusemi kwamba alichagua vema. Tunasema tu kwamba alichagua mwenyewe, kwa macho yaliyofunguka, na hakuna aliyemwibia uhai wake. Kila Mjitoleaji alistahili nafasi hiyo.

Matunda ya siri

Siri haifi pamoja na waliofunga mdomo. Wajitoleaji walijipanga tena mwaka 1917. Tarehe 21 Januari 1919, siku ile ile ambayo bunge jipya la Irlandi lilikutana kwa mara ya kwanza, Wajitoleaji wachache huko Soloheadbeg, bila amri ya mtu yeyote wa juu, waliwaua polisi 2, Wairlandi wenzao. Hivyo vita ya pili ilianza, na bunge likaifuata nyuma. Mapigano yalisimama mwezi wa Julai 1921, mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Desemba, na bunge likaukubali mwezi wa Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57.

Lakini walikuwamo askari wengi walioukataa. Mwezi wa Machi 1922 walikutana, wakasema kwamba hawalitii tena bunge hilo. Walijifunza wapi kwamba wachache wanaweza kuamua vita kwa ajili ya wote bila kuwauliza? Walikuwa na sababu nyingine pia, nasi hatuzidharau. Lakini mfano ulikuwapo tayari, nao ulikuwa mfano wa mashujaa. Tangu Juni 1922 mpaka Mei 1923 ndugu waliuana. Childers, yule aliyeleta bunduki za Howth, alipigwa risasi na serikali ya Wairlandi wenzake, baada ya kupeana mikono na askari waliotumwa kumwua.

MacNeill alikuwa waziri katika serikali hiyo. Mwanawe Brian alikuwa upande wa pili. Tarehe 20 Septemba 1922 Brian aliuawa na askari wa serikali ya baba yake katika mlima wa Ben Bulben. Baba aliyekuwa ameandika kwamba nchi ni watu wenyewe, si sanamu, alizika mtoto wake.

Tunataka kumaliza na jambo moja la faraja. Baada ya Pasaka ile MacNeill alihukumiwa kifungo cha maisha ingawa alikuwa amejaribu kuyazuia maasi. Akapelekwa katika gereza la Dartmoor, walikokuwa watu waliopigana. Wengi wao walimwona kama msaliti. Asubuhi moja alipotokea, Éamon de Valera, aliyekuwa ameongoza kundi katika vita ya Dublin, alitoka katika mstari akawaamuru wafungwa wote wamsalimu kijeshi kama mkuu wao. Wakamsalimu. De Valera alihatarisha adhabu ya gereza ili kuonyesha kwamba mtu aliyewaambia wenzake kweli, hata kama hawakuitaka, anastahili heshima. MacNeill alifunguliwa mwaka 1917.

Ndugu wasomaji, katika nchi yetu pia vijana wengi wameitwa kushika silaha, tena si mara moja, na wengi walifuata kwa sababu ya neno zuri waliloambiwa. Tukiwa wazazi, walimu, wakubwa wa vijiji au wa chama, tusimwite mtu yeyote kwa neno moja ili tumtumie kwa neno lingine. Na wewe kijana unayeitwa, kabla hujatoa jina lako, uliza mambo 3: Ni kwa kusudi gani? Nani ameamua? Na wale wanaoamua wamekubali kunijibu? Asiyekubali kukujibu kabla hujampa utii wako, hatakujibu baada ya kuupata.